Bastola ya Mahari

Fidèle alikufa Februari hii, na siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa matanga kule Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, kikombe cha chai kimepoa mkononi, nikiwakwepa watu. Kila aliyenijua alinijia na ombi lile lile: mimi ndiye niliyeishi naye ujanani, kwa hiyo mimi ndiye niseme neno. "Tonton Déo, simama useme hata kidogo," aliniomba mwanawe wa kwanza. Nikamwambia koo linaniuma. Koo langu hili linaugua mwaka wa thelathini sasa. Linauma kila mtu anaponiomba niwe mshenga wa kijana wake, linauma kwenye harusi, linauma kwenye ubatizo, na mke wangu, ambaye hunisikia nikiimba bafuni asubuhi ya siku hizo hizo, aliacha zamani kuniuliza. Ukweli ni kwamba mwaka wa tisini na tatu nilipewa kazi ya kusema kwa niaba ya mtu mwingine, nikasema neno moja la uongo, na tangu siku ile sijastahili kumsemea mtu yeyote. Naona aibu kuliandika.

Nilikozaliwa na nani alinizaa hayatusaidii hapa, tuanzie chumbani. Fidèle na mimi tulipanga chumba cha darini kule Schaerbeek, juu ya tanuri la mkate la Mturuki mmoja, na kwa sababu hiyo nguo zetu zote zilinukia ufuta. Fidèle aliosha vyombo katika mkahawa wa Chaussée d'Ixelles. Alirudi na supu iliyobaki ndani ya ndoo ndogo ya mayonezi, na tuliinywa kwa kupokezana kijiko kimoja. Haukuwa umaskini; kijiko cha pili tulikuwa nacho, ila hakuna aliyekubali kukiosha. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache na mimi nilikuwa na maneno ya watu wawili, ndiyo maana alipompata Espérance na mambo yakafika kwa wazee, hakufikiri mara mbili juu ya nani awe mshenga wake. Porte-parole, ndivyo tulivyosema pale Brussels. Kwa desturi yetu, siku ya kupeleka mahari bwana arusi hafungui mdomo. Anakaa kama mgeni katika jambo lake mwenyewe, ameinamisha kichwa, na kila linaloulizwa upande wake hujibiwa na mshenga. Neno la mshenga ndilo neno lake. Akisimama kulikanusha amewatukana wazee wake waliomteua mshenga huyo, na mkutano unafungwa.

Kila Jumamosi nilifanya kazi kwa Monsieur Roger, muuza vitu vya kale, kwenye mtaa unaoteremka kutoka Sablon kwenda Marolles. Alinichukua nimbebee makabati. Miezi sita baadaye alikuwa akinifundisha bastola. Alikuwa na kabati zima la bastola za karne ya kumi na tisa, zile zenye silinda inayozunguka, nyingi zimetengenezwa Liège, za baruti nyeusi, ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Ziliuzwa bila kibali, kama saa ya ukutani, kwa madaktari wa meno na mawakili waliostaafu. Alinifundisha kutazama kwanza vichwa vya skrubu, kwa kuwa skrubu iliyochubuka husema kwamba mtu asiye fundi amepita hapo. Alinifundisha kulinganisha namba ya silinda na ile ya mwili wa bastola, kusoma alama ndogo ya ukaguzi wa Liège, kuvuta nyundo polepole, sikio likiwa karibu, mpaka nisikie silinda ikikaa mahali pake. Alinifundisha kuupenda ule weusi wa kahawia ambao unapakwa na miaka mia peke yake, na kuuogopa mng'aro. Siku moja mteja aliuliza swali, na Monsieur Roger akamjibu, "Muulize Déo." Mji mzima ulikuwa ukiniita "wewe pale", "wewe wa mizigo", lakini mtu yule aliniita kwa jina na kusubiri jibu langu. Jioni ile nilitembea kwa miguu hadi nyumbani badala ya kupanda tramu, ili furaha isiishe upesi. Nayasema haya ili nieleweke. Sitaki kusamehewa kwa ajili ya hayo.

Orodha ya mahari iliandikwa na shangazi yake Espérance, Tantine Véro, kwa kalamu nyekundu, kwenye karatasi ya daftari la shule. Suti ya baba, vitenge vya mashangazi, mbuzi wawili, na kwenye namba nne: bunduki ya baba. Ukoo wao ni wa wawindaji wa msituni, na kwao binti hatoki nyumbani bila bunduki kuingia mahali pake. Huku Ulaya wengi walikuwa wamegeuza mbuzi kuwa kreti za bia na bunduki kuwa bahasha ya pesa. Tantine Véro hakutaka bahasha. "Tulipoteza byote kule," alisema, "na coutume, desturi yetu, pia tuipoteze? Balete kitu ya kushika na mukono!" Bunduki ya kuwinda ya kisasa ilihitaji kibali cha polisi, na polisi ndio watu wa mwisho ambao sisi, wenye makaratasi nusunusu, tulitamani kuwaona. Hapo nikatoa wazo langu: bastola ya kale kutoka kwa Monsieur Roger. Wazee wa upande wetu walipiga makofi. Kichwa kilinivimba.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Papa Anselme, baba yake Espérance, aliniita nyumbani kwake peke yangu. Alikaa ghorofa ya tatu, si mbali na sisi, mjane aliyejifunza kupika akiwa na miaka sitini, na alinipokea jikoni kwa sababu sebule ilikuwa imejaa mashangazi na televisheni. Juu ya meza alikuwa ametandaza gazeti, na juu ya gazeti dagaa wakavu, akiwatoa vichwa mmoja mmoja kwa kucha.

"Mutoto," alisema, "ni juu ya ile numéro quatre kwa liste njo nilikuita."

"Ndiyo, papa, ile bunduki. Tuko natafuta."

"Bon. Dada yangu njo aliandika. Miye siwezi kuifuta mbele ya bantu, atasema nini? Lakini weye ni porte-parole, unaweza kubeba neno mu kimya. Ubaambie balete ya murefu, ya kuwinda. Hata ikiwa ya mbao, hata ikiwa fimbo, nitaipokea na mikono mbili. Ile ya mukono, ile bastola ndogo, hapana."

Alivunja vichwa vya dagaa wanne watano. Nilidhani amemaliza.

"Basoda baliingia kwangu kule, saa ya kula. Ile ya mukono baliiweka hapa." Akajigusa juu ya sikio. "Kwa Espérance. Kwa miye, hapana, kwa mutoto. Donc sitaki kuiona mu nyumba yangu. Unasikia? Na usiseme papa anaogopa. Useme tu papa anapenda ya murefu."

"Nimesikia, papa."

Akanipakulia bukari, ugali wetu, na dagaa wale, nikala mbele yake mpaka nikashiba, nikamshukuru, nikashuka ngazi. Ujumbe wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko ujumbe wowote niliowahi kutumwa. Na dawa yake ilikuwepo: dukani kwa Monsieur Roger, nyuma ya mlango, ndani ya kopo la miavuli, ilisimama bunduki ndefu ya zamani, ya kushindiliwa baruti mdomoni, mtutu wa bunduki moja na kitako cha nyingine. Ingemfaa Papa Anselme kabisa. Lakini niliionea haya. Nilijiona nikiifungua mbele ya wazee, kitu cha viraka, mimi ambaye mawakili waliniuliza maswali. Jioni ile Fidèle alirudi na ndoo yake ya supu, na nilifungua mdomo nimwambie, nikamwambia habari nyingine. Kesho yake vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba mzee akiiona bastola nzuri, nzito, ya heshima, ataelewa mwenyewe kwamba si ile ya askari. Nilijiambia kwamba hofu ya mzee itapita. Leo nikiyaandika maneno hayo najiuliza ni kijana gani yule, na jibu silipendi.

Tulikwenda kuchagua Jumamosi moja ya mvua, Fidèle, mimi, na Tonton Bosco, mdogo wa baba yake Fidèle, aliyekuwa mkubwa wa upande wetu. Monsieur Roger alitandaza kitambaa cha kijani mezani, akaweka bastola tatu, akaniachia uwanja na kwenda kuvuta sigara mlangoni. Ya kwanza iling'aa kama sufuria ya bibi arusi, mpini wa pembe, maua yamechongwa hadi kwenye mtutu. "Hii njo ya chef!" alisema Tonton Bosco, tayari ameinyanyua. Nikamwonyesha jinsi herufi zilivyoyeyuka kingo kwa kung'arishwa upya, nikamwambia huyu ni mzee aliyepaka nywele rangi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mfukoni, kifyatuo chake kinakunjwa. Fidèle aliigusa kwa kidole kimoja. "Hii kadogo iko bien," alisema. "Haiogopeshi." Nikageuza silinda, nikamwonyesha namba mbili zisizolingana, nikaitupilia mbali kwa maneno ambayo hakuyaelewa. Kisha nikashika ya tatu. Ilikuwa kubwa, nyeusi ya kahawia, bila ua hata moja, mpini wa mti wa jozi uliolainishwa na kiganja cha ofisa fulani aliyekwisha kufa. Namba zote zililingana. Skrubu hazikuguswa. Nilivuta nyundo, na silinda ikakaa mahali pake kwa mlio mdogo safi ambao bado nausikia. Ningeichagua mimi mwenyewe kama ningekuwa tajiri. Hapo ndipo kosa lilipokuwa: niliichagua mimi mwenyewe.

Fidèle aliitazama, akanitazama. "Na papa Anselme?" aliuliza. "Hakusema kitu juu ya hii mambo?"

"Hapana," nikamjibu. "Hakusema kitu."

"Basi weye njo unajua," akasema, na akatabasamu, kwa kuwa aliniamini.

Mahari tuliipeleka Jumapili mchana. Sebuleni kwa Papa Anselme kila kitu kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani: makochi, viti vya jirani, masanduku ya vinywaji, na jikoni masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na samaki yamefunikwa yakisubiri mazungumzo yaishe. Espérance alikaa katikati ya mashangazi, amefunikwa kitenge kichwani. Fidèle alikaa kushoto kwangu katika suti ya kuazima, macho chini kama inavyotakiwa. Tantine Véro alisoma orodha yake kwa sauti ya kanisani. Kila alipotaja kitu nilisimama, nikakitoa, nikakisindikiza kwa maneno matamu, na wanawake wakapiga vigelegele. Suti ilipita. Vitenge vilipita. Mbuzi walipita wakiwa kreti. "Numéro quatre," alisema, "bunduki ya papa." Nikasimama na sanduku la bastola. Sikulifungua mara moja. Niliwapa kwanza hotuba juu ya Liège, juu ya chuma, juu ya namba zinazolingana, hotuba ambayo mtu mmoja tu mle ndani aliifurahia, na mtu huyo ni mimi. Kisha nikamwendea Papa Anselme, nikafunua kifuniko mbele ya uso wake.

Alisimama. Akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi.

Watu walicheka. Walidhani mzee anafanya mzaha, na Tonton Bosco alijipiga paja akisema, "Papa anajua kucheza, quand même!" Nami nilicheka. Nataka ieleweke kwamba nami nilicheka, mimi niliyekaa jikoni mwake. Ndipo nikasikia anasema kitu, kwa sauti ndogo ya adabu, sauti ya mtu anayehudumia mteja: "Patron, kamata byote. Kamata byote, patron. Mutoto, muache." Kicheko kikafa, kwanza karibu yetu, halafu kule nyuma. Espérance alitupa kitenge, akamwendea baba yake, akaishusha mikono yake, mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeanua nguo kambani. Alimkalisha. Mzee alitazama magoti yake na kusema, tena na tena, "Nilituma neno. Nilituma neno na huyu mutoto."

Tantine Véro alinigeukia. Hakuwa na hasira bado. Alitaka kujua tu.

"Porte-parole. Kaka yangu alituma neno na weye. Ulilifikisha, ao hukulifikisha?"

Fidèle aliinua kichwa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hakujua kwamba kulikuwa na neno, na alinisubiri nieleze kosa lilipotokea, jinsi nilivyoeleza mambo yote maishani mwetu. Watu arobaini walinitazama. Niliwaza kwamba nikisema sikulifikisha, sitakuwa tena yule anayeulizwa. Nitarudi kuwa wewe pale, wewe wa mizigo. Niliwaza hayo kwa muda wa kumeza mate.

"Nililifikisha," nikasema.

Fidèle alifungua mdomo. Tonton Bosco akamwekea mkono gotini, mkono mzito wa mkubwa, na kumkumbusha kwa Kifaransa kwamba bwana arusi hasemi. Fidèle akafunga mdomo. Tantine Véro akaikunja orodha mara mbili. "Basi," alisema. "Mukamate bintu yenu. Muntu anayechezea machozi ya baba, hatumupe mutoto." Tulibeba kila kitu ngazi zote tatu kwenda chini, kreti kwa kreti, tukipishana na majirani waliokuwa wakipanda na keki.

Kwenye kituo cha tramu Fidèle alisimama na lile sanduku chini ya koti. "Kulikuwa neno?" aliniuliza. Nikamwambia kulikuwa. "Na hukuniambia." Nikajitetea kwa kitu pekee nilichokuwa nacho. "Bantu bote balikuwa naniangalia, Fidèle."

"Na miye balikuwa naniangalia," alisema.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sijapata methali yao juu ya mjumbe anayemwua aliyemtuma, labda hawakumfikiria. Kwa miezi kadhaa wazee wetu walimsuta Fidèle mbele yangu: alijua, wakasema, alionywa, akataka kumfanyia mkwe wake mzaha. Ilisemwa kwa vinyozi wa Matonge, mtaa wa Waafrika, ilisemwa kanisani baada ya misa, na mimi nilikuwepo, nikitazama viatu vyangu. Monsieur Roger aliirudisha bastola kabatini na kunipongeza kwa kuchagua vizuri. Jumamosi iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata. Kabla ya Krismasi Fidèle alihama. Baadaye alioa mwanamke mwingine, mwema, akanialika harusini, akanipa mwanawe wa tatu nimsimamie ubatizoni. Hakunisuta hata mara moja. Niliamini kwamba hakumwambia mtu yeyote, na kwamba alikuwa amelimeza lile neno kwa ajili yangu. Nilijifariji kwa wema wake. Mtu akikosa aibu hula hata msamaha usiokuwa wake.

Sasa nirudi ukumbini Berchem. Saa kumi jioni Espérance aliingia. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Alikuwa ameolewa mjini Liège, ameachika, amerudi, anafanya kazi ya kuwatunza wazee, na chini ya kitenge chake cha msiba ilionekana kola nyeupe ya sare ya kazini. Alisimama kitambo mbele ya picha ya Fidèle, akapokea kikombe cha chai, kisha akaja moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu.

"Déo," alisema, "kila siku nilitaka kukuambia asante."

"Asante ya nini?"

"Ya siku ile kwetu. Alikuwa rafiki yako, na ulisema ukweli mbele ya bantu bote. Unajua, kesho yake alikuja ku mulango. Alisema eti hukumuambia kitu, eti ni weye ulidanganya bantu. Nilimufungia mulango. Nilijiambia, anacheka na papa, alafu anamubebesha rafiki yake! Muntu wa namna ile, ningeishi naye namna gani?" Akaitazama tena picha. "Nilimulilia lakini. Nilimulilia sana."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi ya miaka thelathini. Alikuwa ametulia, ameshukuru, chai yake mkononi, na kila mtu wa kumuuliza habari zile alikwisha kufa. Lakini nilikuwa nimechoka, na naogopa kwamba ilikuwa uchovu tu, wala si ujasiri. Nikamwambia. Nikamwambia jikoni, dagaa, duka, swali la Fidèle na jibu langu. Nilipomaliza alisema, "Rudilia," nikarudia, fupi zaidi: neno sikulifikisha, na yeye hakujua.

Aliweka kikombe sakafuni polepole sana. Ng'ambo ya ukumbi mjane wa Fidèle alikuwa akiwapokea watu wa kanisa, na watoto wake wakipanga viti.

"Alisimama ku mulango karibu saa nzima," alisema Espérance. "Ilikuwa nanyesha. Nilimuita mwongo kupitia tundu ya mulango, na hakunijibu tena."

"Nisamehe," nikamwambia. "Espérance, naomba unisamehe."

Alitikisa kichwa, bila hasira, bila hata kunitazama.

"Usiniombe pardon, Déo. Na miye sasa niko natafuta wa kumuomba, na weye ulingoja mupaka akafa."